Laini Saba Niliyoilinda

Nilikosa mimi. Si mashine, si waya, si wezi wa Kibera. Mimi. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na maelezo, nitaeleza mpaka kosa lenyewe lipotelee humo. Najijua.

Wewe unayesoma hunijui, na afadhali iwe hivyo. Nisikilize kama mtu tuliyekaa naye benchi moja tukingoja mvua ipungue. Sikuombi unihurumie. Nimechoka tu. Nimechoka kulibeba hili moyoni.

Nilitoka chuo kikuu na digrii ya uhandisi wa umeme. Kwetu ni Kawangware, upande wa Riruta. Nilipopata kazi katika kituo kidogo cha simu, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka nyumbani, mama alichinja kuku na kuwatangazia majirani kwamba mtoto wake sasa anaendesha simu za Nairobi nzima. Nairobi nzima! Kituo chetu kilikuwa chumba kimoja cha mawe, choo cha nje, askari mmoja getini, na swichibodi kuukuu ambayo wakubwa wa mjini walikuwa wameshaisahau.

Wakati huo mjini mtu alizungusha namba mwenyewe. Kwetu bado ulikuwa unainua simu, taa ndogo inawaka kwenye ubao wetu, opareta anachomeka plagi na kukuuliza, "Namba tafadhali?" Ukimtaja unayemtaka, anachomeka plagi ya pili kwenye laini ya huyo mtu. Kama yuko mjini, lazima kwanza ipatikane laini ya kwenda mjini. Na hizo zilikuwa nane tu.

Nane! Kila asubuhi kati ya saa tatu na saa tano zote zilijaa. Wenye maduka, wenye ploti, shule, zahanati, wote wanataka mjini saa ileile. Watu walingoja mpaka wakasahau walichotaka kusema. Wengine walimtukana opareta, kana kwamba yeye ndiye aliyefuma waya.

Mkuu wa kituo aliniita juma langu la kwanza.

"Wewe ndiye wa digrii," akasema. "Nipunguzie huu msongamano. Kebo mpya hatuna, na usiniombe, hatutapewa. Panga upya hizihizi zilizopo."

Nilifurahi kama mtoto! Hatimaye kazi ya kichwa. Nilikaa karibu na swichibodi majuma matatu, daftari mapajani, nikipiga mstari mmoja kwa kila simu iliyopita. Laini hii mistari arobaini, ile mitatu, ile hakuna. Niliziona simu kama magari barabarani. Barabara moja imefungana bampa kwa bampa, na mita chache pembeni kuna nyingine imelala tupu. Kazi yangu ilikuwa kuichukua ile iliyolala na kuielekeza panapohitajika.

Na hesabu ilikubali. Kebo yetu ilipita kando ya reli kuelekea mjini, na baadhi ya laini zake zilishukia njiani, kwa watu waliopiga simu mara chache mno. Nikichukua moja ya hizo na kuipitiliza mpaka mjini, tungekuwa na laini ya tisa. Tena kwenye foleni, laini moja zaidi haipunguzi kidogo kama unavyofikiri. Inaweza kufungua kila kitu.

Laini zilikuwa na namba, kila moja na kibati chake cha shaba. Namba saba ilikuwa ya ghala la magunia lililofungwa. Majuma matatu sikuipigia hata mstari mmoja. Nikaandika kwenye daftari: ondoa namba saba.

Lau ningeiondoa, nisingekuwa naandika haya.

Sasa nikujulishe kwa Bi Mariamu. Alikuwa opareta wa zamu ya mchana, Mnubi wa Kibera, mjukuu wa askari waliokuja zamani kutoka Sudan wakabaki. Umri wa mama yangu. Wenzake walikuwa wakiniita Digrii, tena kwa kuvuta midomo. "Digrii, umehesabu na nzi?" "Digrii, hii ubao si ya kufikiria, ni ya kuchomeka!" Huyo wa mwisho alikuwa Mutua, fundi wetu wa nyaya. Lakini Bi Mariamu tangu siku ya kwanza aliniita mwanangu. Saa nne alifungua kitambaa na kunigawia gurusa, ile chapati laini ya kwao, akisema mtu anayefikiri sana huungua tumbo.

Alhamisi moja aligeuza kiti akanitazama.

"Mwanangu, nasikia unataka kukata laini."

"Si kukata, Bi Mariamu. Kupanga upya."

"Haya, panga. Ni wewe uliyesoma. Chukua yoyote unayotaka." Akashusha kidogo visikilizio masikioni. "Lakini nakuomba kitu kimoja. Laini Saba usiiguse. Mama yangu anaumwa. Leo hajambo, kesho hatujui."

"Sawa," nikasema. "Sitaigusa."

Taa ikawaka. Akarudi kazini. "Namba tafadhali?"

Kama wewe ni mtu wa Nairobi, najua umeshashika kichwa. Laini Saba ni mtaa! Ni Kibera, kando ya reli, pale penye vibanda na mafundi wa jua kali wanaogonga mabati mchana kutwa. Nimepakanyaga tangu utotoni. Mama alikuwa akinituma huko kupeleka sufuria kuzibwa matundu. Nikiulizwa na mgeni njiani, "Laini Saba ni wapi?" ningemwonyesha kwa kidole bila kufikiri.

Lakini siku ile kichwani mwangu hamkuwa na mtaa. Mlikuwa na namba. Moja, mbili, tatu, mpaka kumi na sita. Kwa hiyo Laini Saba ikawa laini namba saba, ile ya ghala.

Na usidhani sikushangaa. Nilishangaa sana! Mama yake mgonjwa ana uhusiano gani na ghala la magunia? Nilitembea kurudi nyumbani nikiligeuza jambo hilo. Nikawaza, labda amekodishwa chumba cha mlinzi. Nikawaza, labda mume wa mama alikuwa mlinzi huko, simu ikabaki. Nikaijenga habari hiyo mpaka nikamwona bibi kizee wa watu ameketi juu ya gunia, mkono kwenye simu. Nilimwonea na huruma!

Jambo moja tu sikulifanya. Sikumuuliza.

Kwa nini? Kwa sababu niliogopa. Niliogopa aseme moyoni, huyu aliyesoma hajui hata laini zake. Majuma matatu nimekaa hapa na daftari, halafu niulize? Mimi ni mtu wa kufikiria kila kitu mara kumi, lakini nafikiria ili nisiulize. Sikulijua hilo mpaka liliponigharimu.

Basi nikaiacha namba saba na kutafuta laini iliyoifuata kwa kupigiwa mara chache. Ilikuwa namba kumi na mbili. Simu mbili kwa siku, siku nyingine hakuna. Rejista iliandika: R. Abdalla, duka. Basi. Hapakuandikwa mahali.

Jumamosi, Bi Mariamu akiwa mapumzikoni, mimi na Mutua tulifanya kazi hiyo.

"Hii kumi na mbili ni ya nani?" Mutua akauliza, koleo mkononi.

"Duka fulani. Nimemwandikia barua mwenyewe. Atapewa laini ya kushirikiana na wengine baadaye."

"Barua imefika?"

"Itafika."

"Si umuulize yule mama Jumatatu kwanza? Hizi za huko chini anazijua zote kwa majina."

"Mutua, kata tu bwana."

"Digrii amesema," akacheka, na akakata.

Tulipitiliza ile laini mpaka mjini. Kisha, kwa akili zangu nyingi, nikaona laini zote tisa za mjini zikae pamoja ubaoni ili mkono wa opareta usisafiri mbali. Tukahamisha vibati, hiki huku, kile kule. Namba saba peke yake niliiacha palepale ilipokuwa tangu zamani. Nikachukua rangi nyekundu nikaizungushia mstari, fundi yeyote asije akaigusa.

Nilijisikia mtu mwema. Hebu fikiria! Nilisimama pale na brashi mkononi nikijiona mtu mwema.

Jumatatu asubuhi Bi Mariamu aliingia, akaona ubao umebadilika, akapiga makofi ya mshangao.

"Ai! Mmenihamishia nyumba bila kuniambia! Jikoni kumekuwa sebuleni." Akakaa, akavaa visikilizio, akavitazama vibati kimoja kimoja. "Na Laini Saba mmeipeleka wapi?"

"Iko hii hapa, Bi Mariamu." Nikaonyesha namba saba na mstari wake mwekundu. "Sikuiruhusu iguswe."

Akaitazama. Namba saba, nyekundu, mbele ya macho yake. Nadhani aliona nimeipa laini ya duka la kaka yake, kule alikolala mama yao, mahali pa heshima, penye namba inayofanana na jina la mtaa. Ungefikiri nini wewe?

"Mungu akubariki mwanangu," akasema. "Unajua wifi yangu ameniahidi, mama akizidiwa watanipigia papo hapo. Wakinyamaza nijue ni mzima. Sasa nitaifanya kazi moyo umetulia."

Nikajibu, "Ndiyo maana niliiacha." Sikuelewa hata neno moja la alichosema, nikajibu hivyo!

Siku hiyo saa tatu ilifika, saa nne, saa tano, na foleni haikuja. Simu zilipita kama maji. Mkuu alitoka ofisini mwake akasimama nyuma ya maopareta, mikono mfukoni, akitikisa kichwa. Hata Mutua alinipa mkono. "Digrii, leo umetoa kitu." Nilirudi Kawangware nikitembea katikati ya barabara.

Jumanne vilevile.

Jumatano ndiyo siku yenyewe.

Asubuhi yote Bi Mariamu alikuwa mchangamfu. Kila baada ya muda aliigusa namba saba kwa ncha ya kidole, kama mtu anayempapasa mtoto aliyelala. Taa yake haikuwaka. "Kimya," akaniambia saa nne akinimegea gurusa. "Leo amelala vizuri mama yangu."

Mama yake alikuwa ameshafariki. Alifariki saa tatu kasorobo.

Haya niliyajua baadaye. Kaka yake, Ramadhani, yule R. Abdalla wa rejista, aliinua simu ya duka pale Laini Saba. Kimya, hata mngurumo hakuna. Akaigonga, akaitikisa, akajaribu tena, na tena, kwa muda wa saa nzima. Akaenda kwa jirani mwenye simu, mbali kidogo, lakini huyo alikuwa ameondoka na ufunguo. Mwishowe akamtuma jirani yake Otieno, fundi wa masufuria, aje kwa miguu mpaka kituoni kwetu.

Otieno alifika saa saba. Askari wetu wa getini, Mzee Wafula, alikuwa na amri: mfanyakazi wa swichibodi haitwi nje wakati wa zamu. Wafula aliifuata amri kama ilivyoandikwa.

"Nimetumwa kwa Bi Mariamu, ni mambo ya msiba," Otieno akamwambia.

"Pole sana. Kazi inaisha saa kumi."

"Mzee, ni mama yake mzazi!"

"Kama ni haraka namna hiyo," Wafula akasema, na nakuapia hakuwa anatania, "mngempigia simu."

Otieno alikaa chini kwenye jiwe. Msiba haukuwa wake, na hakuwa na la kufanya. Akangoja.

Huko Kibera waliosha maiti, wakavika sanda. Wazee wakasema asubiriwe binti mpaka sala ya alasiri. Wakasubiri. Alasiri ikafika. Kwa Waislamu maiti haachwi alale akimngoja mtu. Wakaswali, wakamchukua.

Saa kumi nilitoka pamoja na Bi Mariamu, akinieleza dawa ya tumbo. Otieno alisimama.

"Mama, umekuwa wapi?" akapiga kelele. "Tumekupigia Laini Saba tangu saa tatu! Ramadhani amepiga mpaka mkono umekufa!"

"Laini Saba?" Bi Mariamu akasema. "Laini Saba haijalia leo."

"Mama yako hayupo tena."

Hakulia. Alishika mkono wangu, wangu mimi, ili asianguke. Na mimi nikiwa nimesimama pale, mkono wake umening'ang'ania, neno lile likanifungukia. Laini Saba. Sufuria. Reli. Mafundi. Duka! Nilikumbuka yote kwa mara moja. Nikakumbuka pia kwamba majuma matatu niliyokaa na daftari sikuwahi kumsikia opareta hata mmoja akiita laini kwa namba. Walisema nipe Kanisani, nipe Posho Mill, nipe Sateliti. Kwao kila laini ilikuwa mahali penye watu. Ni mimi peke yangu niliyehesabu.

Waliondoka mbio, yeye na Otieno. Walipofika, wanaume walikuwa wamerudi kutoka makaburini, wananawa miguu. Uso wa mama yake hakuuona.

Najua unangoja kusikia kwamba nilimfuata nikamwambia. La! Sasa ndipo naingia kwenye dhambi yenyewe. Lile la kwanza lilikuwa kosa.

Alhamisi nilifika kabla ya watu wote. Nikairudisha ile laini dukani, nikaichukua ya ghala, ile namba saba tupu, nikaipeleka mjini mahali pake. Nilifanya kazi ya dakika arobaini kwa dakika kumi na tano. Nikahamisha vibati. Nikakwangua rangi nyekundu kwa wembe, na maopareta nikawaambia Laini Saba imerudi mahali pake pa zamani. Mutua alipokuja nikamwambia nimerekebisha kidogo. Akautazama ubao, akanitazama mimi. "Digrii," akasema, akachukua koleo lake akatoka.

Bi Mariamu alirudi baada ya siku tatu, ushungi mweupe, macho yamevimba. Kitu cha kwanza alinijia mimi.

"Mwanangu, niambie wewe unayejua. Ilikuwaje simu isilie?"

Nikasema, Mungu anisamehe, "Labda waya ulikatwa huko Kibera. Wezi wa shaba. Wanakata, halafu mafundi wanaunga."

"Nani aliunga?"

"Sijui."

Akatikisa kichwa polepole. Aliniamini. Kwa nini asiamini? Mambo mabaya ya Kibera huaminiwa haraka, hata na watu wa Kibera wenyewe.

Lakini uongo wangu ulikuwa na tundu. Waya ukiibwa, mtaa mzima hujua. Ramadhani alimwambia dada yake: hakuna waya ulioibwa, nimeufuata mguu kwa mguu mpaka nguzo ya mwisho. Dada akasema: kama haukuibwa, basi hukupiga, kwa maana mimi nimekaa mbele ya Laini Saba siku nzima na taa haikuwaka. Kaka akasema: wewe unawapokelea simu wazungu na wenye ploti, ya mama yako ukaiacha. Kesho yake dada akainua simu ya kazini na kupiga dukani mbele yetu sote. Ikalia mara moja. Ikapokelewa.

"Mbona leo inaita?" akapiga kelele. "Ramadhani, mbona leo inaita?"

Akaikata. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Idi ilipita, ndugu wawili waliobaki peke yao duniani, mmoja mtaa wa Makina, humohumo Kibera, na mwingine Laini Saba, na hakuna aliyevuka kwenda kwa mwenzake. Na kila mmoja alikuwa anasema kweli! Hilo ndilo lililonimaliza. Wote wawili walikuwa wanasema kweli, na mimi niliyekuwa naujua ukweli wa wote wawili nilikuwa nakula gurusa saa nne.

Ndiyo, aliendelea kunigawia. Siku ya Idi aliniletea pilau na kuniambia mimi ndiye niliyejaribu kumsaidia. Nilikula. Ningekataa angeuliza kwa nini.

Nilipongezwa kazini. Barua ilitoka kwa wakubwa kwamba mpango wangu uigwe na vituo vingine. Mama aliiweka fremu. Mimi nilianza kukonda. Nilipanga maneno ya kumwambia, nikayabadilisha, nikayapanga upya. Niliwaza ataumia zaidi. Niliwaza nitafukuzwa. Niliwaza labda wakati utawapatanisha wenyewe. Miezi minane nilifikiri, ndugu yangu! Miezi minane.

Kilichonisukuma kilikuwa sufuria. Mama alinituma Laini Saba, kama zamani, sufuria imetoboka. Otieno alikuwa anaifuta nyundo kwa kitambaa akanitambua.

"Wewe si yule wa pale simu?" akasema. "Yule mzee wenu wa geti hajambo? Mwambie bado nampigia simu." Akacheka, kisha akaonyesha duka la pili kutoka pale. "Jamaa amekwisha. Hata chai hanywi na watu."

Niliweka sufuria chini nikaingia dukani. Ramadhani alikuwa mtu mnene aliyepungua ghafla, ngozi imemlegea shingoni. Simu ilikuwa kwenye kaunta, chini ya taulo. Nikamwambia yote, nimesimama, bila kumeza mate. Namba saba. Kumi na mbili. Rangi nyekundu. Wezi ambao hawakuwapo.

Nilitegemea anipige. Aliondoa taulo kwenye simu, akaikunja, akaikunja tena.

"Kwa hiyo nilipiga," akasema.

"Ulipiga."

"Na yeye alingoja."

"Alingoja, mzee. Alikuwa anaigusa kwa kidole."

Akaiweka taulo kando. Kisha akasema, "Mimi usiniambie. Umeshaniambia, basi. Nenda ukamwambie yeye. Kwa mdomo wako, si kwa barua. Barua zako tunazijua. Ile yako ilifika baada ya arobaini ya mama."

Kesho yake saa nne Bi Mariamu alifungua kitambaa chake. Nikamwambia asinimegee kwanza. Nikamwambia.

Alisikiliza mpaka mwisho, gurusa mkononi. Nyuma yake taa mbili zilikuwa zinawaka na hakuzigeukia, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Nilipomaliza aliuliza swali moja. Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Nilipokuambia Laini Saba, kwa nini hukuniuliza ipi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo.

"Niliogopa utaniona sijui kazi," nikasema.

Akaifunga gurusa yote kwenye kitambaa. Akavaa visikilizio, akageukia ubao, akachomeka plagi.

"Namba tafadhali?"

Nilikwenda pia kwa Mkuu, nikakiri kila kitu. Aliniuliza, "Msongamano umepungua au haukupungua?" Nikasema umepungua. "Basi nenda kafanye kazi." Sikufukuzwa. Wakati mwingine natamani ningefukuzwa.

Ijumaa ya juma lilelile Bi Mariamu alikwenda kwa kaka yake. Sijui walisemezana nini, si haki yangu kujua. Otieno aliniambia tu kwamba walikaa nyuma ya duka mpaka chai ikapoa, na duka halikufunguliwa tena siku hiyo. Nashukuru kwa hilo.

Bado tunafanya kazi chumba kimoja. Ananisalimia kila asubuhi, kwa adabu kamili. "Habari za asubuhi, injinia." Wenzake bado wananiita Digrii. Yeye ananiita injinia. Neno mwanangu sijalisikia tena, na saa nne nakunywa chai yangu kavu. Ningetoa ile barua ya pongezi, fremu na yote, nilisikie mara moja tu.

Basi wewe uliyesoma, na wewe unayekaribia kumaliza masomo, na wewe uliyekabidhiwa jana daftari na watu wa kuwahesabu. Mtu mzima akikutajia jina la kitu na wewe ukaona hujaelewa vizuri, usiende nyumbani kulifikiria. Usijenge habari ya bibi kizee juu ya gunia. Geuza uso wako umtazame, ukubali aibu ya dakika moja, useme neno moja dogo.

Ipi?

Lingenitosha.